Jantoni wa Durban: Mzungu aliyewaachia wanawe jina na ardhi

Ukimtaja John Dunn hapa Durban, iwe kwa Mzungu, kwa Mhindi au kwa Mzulu, jambo la kwanza utakaloambiwa ni idadi ya wake zake. Watakwambia alikuwa na wake arubaini na nane wa Kizulu, ukiacha yule wa kwanza, na watoto zaidi ya mia moja. Kisha watacheka, na mazungumzo yatakwisha hapo. Mimi naona hesabu hiyo ya wake imetosha kusimuliwa. Nataka leo tuwatazame watoto. Mtu mmoja alizaa kabila zima, baba Mwingereza na mama Wazulu, akawaweka katika nchi moja chini ya jina lake, nini kiliwapata? Walikuwa nani? Walipoulizwa kwao wapi, walijibu nini?

Sisi tuliotoka Unguja, Pemba na Mrima hatuhitaji kufafanuliwa swali hilo. Tumelikuta likitungojea uwanja wa ndege.

John Robert Dunn alizaliwa mwaka 1834 na kulelewa Port Natal, bandari ambayo mwaka 1835 ilipewa jina la gavana wa Rasi, Sir Benjamin D'Urban. Mji wenyewe ulikuwa haujawa mji. Palikuwa na ghuba nzuri, mikoko, mchanga, na vibanda vya wafanyabiashara wachache wa pembe za ndovu na ngozi walioishi kwa idhini ya mfalme wa Wazulu. Wazungu wale wa mwanzo, kina Henry Francis Fynn na Henry Ogle, walioa wanawake wa huko, wakazaa nao, wakawa na watu wanaowatii kama wanavyotiiwa machifu. Kwa hiyo Dunn alipokuja kuishi vile, hakuzua jambo jipya. Alilifanya kwa wingi tu, tena alilifanya wakati wenzake walikuwa wameanza kulionea haya.

Babu yake mzaa mama, Alexander Biggar, alikuwa miongoni mwa wakubwa wa bandari hiyo. Mwaka 1838, katika vita baina ya Makaburu na mfalme Dingane, mzee huyo aliuawa, na wanawe wawili pia waliuawa mwaka huohuo. Baba yake John, Robert Newton Dunn, alikanyagwa na ndovu mwaka 1847 akafa. Mtoto alikuwa na miaka kumi na tatu. Baada ya miaka michache mama naye akafariki, na kijana akabaki hana mzee wala skuli ya maana. Alichokuwa nacho ni bunduki na Kizulu, ambacho alikisema tangu utotoni kama wanavyokisema wenyewe.

Akafanya kazi ya kusafirisha mizigo kwa magari ya ng'ombe kwenda bara, safari ya miezi. Aliporudi kudai ujira wake, mwajiri akamwambia kwamba kisheria yeye bado mtoto, hawezi kulipwa mkononi. Kijana amekwenda na kurudi, amelala njiani na simba, kisha anaambiwa karatasi haimtambui. Aliudhika kiasi cha kuuacha mji na kuingia porini kuwinda. Nimeisoma khabari hii mara nyingi na kila mara naona kwamba hapa ndipo maisha yake yalipogeuka. Serikali ya Wazungu wenziwe ilimfukuza kwa kifungu cha sheria kabla hajavunja sheria yoyote.

Hakuingia porini peke yake. Alikuwa na Catherine Pierce, binti wa Mzungu aliyekuwa akimfanyia kazi baba yake na mama wa Kimalay wa Rasi. Walioana mwaka 1853. Kwa hiyo hata mke wake wa kwanza alikuwa mtu wa pande mbili, na watoto wake wa kwanza walianza safari hiyo tokea tumboni.

Aliyewatoa porini ni Kapteni Joshua Walmsley, wakala wa serikali ya Natal katika mpaka wa mto Thukela. Alimkuta kijana anaishi kama Mzulu, akampa kazi ya ukalimani na kumsomesha kidogo nyumbani kwake. Ng'ambo ya mto ilikuwa nchi ya Wazulu ya mfalme Mpande, na wana wa Mpande walikuwa wamekwisha kuvunjiana heshima juu ya urithi.

Hapa niruhusuni nikumbushe tarehe. Sayyid Said bin Sultan alifariki baharini tarehe 19 Oktoba 1856, na wanawe wakagombania Unguja na Maskati mpaka Waingereza wakaingia kati. Wiki sita tu baadaye, tarehe 2 Disemba 1856, wana wawili wa Mpande, Cetshwayo na Mbuyazi, walikutana kwa mikuki mahali paitwapo Ndondakusuka, karibu na mdomo wa Thukela. Dunn alivuka na bunduki chache kumsaidia Mbuyazi. Mbuyazi akashindwa, akauawa, na maelfu ya watu wake, wake kwa waume na watoto, wakauawa kandokando ya mto au wakazama humo. Dunn aliponea chupuchupu kwa kuogelea.

Angekuwa mtu mwingine asingerudi tena ng'ambo ile. Yeye alirudi. Wafanyabiashara wa Kizungu walipoteza ng'ombe wao katika vita, naye akaenda mpaka kwa Cetshwayo aliyempiga vita juzi, akaomba ng'ombe warudishwe, akapewa. Cetshwayo alikuwa na akili ya utawala. Aliona kijana anayejua Kizulu, anayejua bunduki, anayejua kusoma barua za Gavana, na ambaye hana mlango wa kurudia kwao. Mtu wa namna hiyo ni hazina kwa mfalme. Akampa ardhi kusini mwa nchi, upande wa pwani, Ungoye na baadaye Mangete na Emoyeni, akawa mshauri wake. Wazulu wakalifupisha jina lake kwa ulimi wao, wakamwita Jantoni.

Basi akaanza kuoa. Kila mke alimtolea ng'ombe wa lobola, yaani mahari, kwa wazazi wake, kwa desturi kamili ya Kizulu. Hakuwaiba wala hakuwaficha. Koo nyingi zilifurahi kuwa na mkwe aliye karibu na mfalme, na kwa kila binti aliyeoa alipata wakwe, na kwa kila wakwe alipata watu wa kumfuata. Huo ulikuwa utawala. Atakayeuita uasherati, kama walivyouita Wazungu wa Durban, hajui mambo ya ukoo. Hata hivyo Jantoni mwenyewe hakuvua suruali yake akavaa ngozi. Aliishi katika nyumba ya Kizungu yenye meza na viti, akivaa kama bwana wa Kiingereza anayekwenda kuwinda, na wake wakikaa katika miji yao ya desturi, kila mmoja na nyumba yake na mashamba yake.

Catherine hakukubali. Inasimuliwa katika ukoo kwamba aliwakataza watoto wake kuchanganyika na wale wa wake wa Kizulu. Usimlaumu haraka. Mwanamke huyu mwenyewe alikuwa nusu, na alijua katika Natal ile ngazi imesimama vipi: Mzungu juu, Mzulu chini, na wa katikati ameshikilia kipago kimoja kwa vidole. Aliogopa wanawe wasiteremshwe. Kwa hiyo watoto wa baba mmoja walikua wakiwa wamegawanyika kwanza ndani ya ua wao wenyewe, kabla serikali yoyote haijaja kuwagawa. Nadhani jambo hili halisemwi vya kutosha. Tunapenda kuwalaumu wakoloni kwa madaraja ya rangi, na ni kweli waliyajenga, lakini mtoto huyasikia mara ya kwanza kutoka kwa mama yake anayempenda.

Wasomaji wa kwetu watauliza: mbona sisi tulikuwa nao watoto wa masuria kila jumba, na nasaba haikupotea? Ni swali la haki. Sayyid Said alipokufa aliacha watoto thelathini na sita, na wote walikuwa wa masuria: mama Wahabeshi, mama Wacherkesi, na wengineo. Hakuna aliyesema Majid si mtoto wa baba yake, wala Barghash, ambaye mama yake alikuwa Mhabeshi, hakuulizwa haki ya kiti kwa sababu ya rangi ya mama. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto aliyekubaliwa na baba ni mtoto kamili, huru, ana jina na ana fungu lake katika mirathi. Sisemi haya kwa kujigamba. Suria alikuwa mtu aliyenunuliwa, na mahari hakulipiwa na mtu, ilhali mke wa Jantoni alilipiwa ng'ombe mbele ya wazee wake. Mwanamke wa Mangete alikuwa na heshima ambayo mwanamke wa Mtoni hakuwa nayo. Lakini ukimtazama mtoto, mambo yanageuka. Wa Mtoni alikuwa na kadhi wa kusema huyu ni mwana wa fulani. Wa Mangete alikuwa na baba tu. Kanisa halikuwa na kitabu cha kumwandika, na mahakama ya Natal haikumtambua mama yake kuwa ni mke halali wa Mwingereza. Maadamu Jantoni yu hai hilo halikuwa na uzito. Neno lake lilikuwa ndiyo daftari.

Na kwa muda mrefu neno lake lilikuwa zito kweli. Alileta bunduki kutoka Delagoa Bay, bandari ambayo leo ni Maputo, kwa ajili ya Cetshwayo. Aliandika barua za mfalme kwenda kwa serikali ya Natal, na serikali ya Natal ikamlipa mshahara ili vibarua wa Kitsonga kutoka upande wa Msumbiji wapite salama katika nchi ya Wazulu kwenda kwenye mashamba ya miwa. Kula mkono huu na mkono ule. Mwaka 1873 Theophilus Shepstone alikuja kumtawaza Cetshwayo kwa niaba ya Waingereza. Mwaka huohuo, kwetu Unguja, Sayyid Barghash alilazimishwa kutia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa, na mwaka huohuo tena manowari za Kiingereza zikaanza kushusha Durban watu waliokombolewa majahazini. Nitawarejea watu hao.

Kisha ikaja siku ambayo kila mtu wa pande mbili huiogopa. Tarehe 11 Disemba 1878, ukingoni mwa Thukela, wajumbe wa Cetshwayo walisomewa masharti ya Waingereza: livunje jeshi lako au vita. Dunn alikuwapo. Aliyajua masharti yale kuwa hayakubaliki, na aliyejua hilo aliijua vita. Alitaka kukaa kando. Aliambiwa na upande wa Kiingereza kwamba hapana kando. Cetshwayo naye, kwa maelezo yaliyobaki, alimruhusu ajitenge. Mwisho wa Disemba akavuka mto kuingia Natal na watu wapatao 2,000 na ng'ombe wapatao 3,000, wake na watoto wakiwa ndani ya kundi hilo.

Mnamo Januari 1879 Wazulu waliwashinda Waingereza Isandlwana, pigo ambalo London haikulitarajia. Kama Dunn angekaa kimya ng'ambo ya mto, pengine leo tungemsimulia vingine. Hakukaa. Aliingia jeshini kwa Lord Chelmsford kama kiongozi wa wapelelezi, na tarehe 2 Aprili 1879 alikuwapo Gingindlovu, akiwapiga bunduki watu wa mfalme aliyempa ardhi, wake na jina. Baadhi ya waliokuwa mbele ya mtutu wake walikuwa shemeji za watoto wake, au wajomba zao.

Watetezi wake husema hakuwa na njia nyingine: Wazulu wakishinda atauawa kwa kuvuka mto, Waingereza wakishinda bila yeye atanyang'anywa kila kitu, na wanawe hawatakuwa na pa kukaa. Labda. Mimi namhukumu hivi: alifanya hesabu ya baba, na hesabu ilitoka sawasawa, lakini iliandikwa kwa wino wa mtu mwingine. Wazulu wengi hawakumsamehe hata leo. Askofu Colenso wa Natal, aliyekuwa akimtetea Cetshwayo mpaka akachukiwa na Wazungu wenziwe, alikuwa miongoni mwa wakosoaji wakubwa wa Dunn. Sisi tuliosoma skuli za misheni tulisikia jina la Colenso kwa minong'ono, kwa sababu aliwakubali ubatizoni wanaume wenye wake wengi. Kwa hiyo kilichomkera kwa Dunn hakikuwa wingi wa wake.

Malipo yalikuja upesi. Cetshwayo alikamatwa Agosti 1879 akapelekwa Rasi, na Sir Garnet Wolseley akaikata nchi ya Wazulu vipande kumi na tatu chini ya machifu kumi na tatu. Kipande kikubwa kuliko vyote, upande wa kusini, akapewa John Dunn. Mtoto yatima wa Port Natal, aliyenyimwa ujira kwa kuwa hajatimia umri, akawa mtawala wa nchi. Alitoza kodi ya vibanda, alihukumu kesi, alitengeneza njia. Akawazuia wamisionari kurudi katika nchi yake, nao walimpigia kelele mpaka Uingereza.

Haikudumu. Mwaka 1883 Waingereza walimrudisha Cetshwayo, na eneo la Dunn likaingizwa katika Hifadhi chini ya ofisa wa Kiingereza. Cetshwayo alikufa Eshowe Februari 1884. Mwaka 1887 nchi yote ikatwaliwa na Malkia. Jantoni akabaki chifu mdogo mwenye ng'ombe wengi, nyumba nyingi, na watoto wanaokua. Ndipo katika miaka hiyo ya mwisho aliporegeza msimamo wake juu ya misheni, akaruhusu skuli kwa ajili yao. Nafikiri aliona kilicho mbele: wanawe hawataishi katika ulimwengu wa mikuki wala wa neno la baba, wataishi katika ulimwengu wa karatasi. Alikufa Emoyeni tarehe 5 Agosti 1895.

Hapo ndipo swali letu linapoanza kwa kweli, kwa kuwa baba hayupo tena kulijibu.

Wajukuu zake walikuwa na ardhi, lakini hawakuwa na hati. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 tume ya serikali iliyogawa ardhi ya Wazulu baina ya wenyeji na walowezi ilitenga karibu ekari 10,000 kwa ajili ya kizazi cha Dunn, sehemu za Mangete. Walikaa hapo kwa hisani ya serikali. Ilichukua mpaka mwaka 1935 ndipo Bunge la Afrika Kusini likapitisha sheria maalumu ya kuigawa ardhi hiyo kwa wazawa wake, sheria yenye jina la mtu mmoja: sheria ya mgawanyo wa ardhi ya John Dunn. Fikirini miaka arubaini baada ya kifo cha baba, na watoto waliokuwa wadogo alipokufa sasa wana mvi.

Na ili upate fungu ilibidi uthibitishe kuwa wewe ni wa Dunn. Kwa hiyo jina likawa mali. Familia ambazo kwa sura, kwa lugha na kwa mila zilikuwa za Kizulu, zilishikamana na jina la Kiingereza kwa meno, kwa sababu jina ndilo shamba la miwa. Mwaka 1950 ikaja sheria ya kuandikisha watu kwa rangi, na sheria ya kugawa mitaa kwa rangi. Wana wa Dunn wakaandikwa Coloured, au kama wasemavyo Wazulu, amaKhaladi. Mjomba wako wa upande wa mama akaandikwa Bantu. Akatakiwa awe na pasi, wewe hutakiwi. Yeye hawezi kumiliki unachomiliki. Wewe huruhusiwi kuishi anapoishi. Bibi mmoja, makundi mawili, na katikati yao karani.

Nimekuwa karani muda mrefu wa maisha yangu, na kazi hiyo naijua kwa ndani. Watu hudhani maamuzi makubwa hufanywa na mawaziri. Waziri hutunga safu za fomu, lakini anayemtazama mtu usoni na kuamua aandike nini katika safu ya kabila ni karani, naye ana foleni ndefu na anataka kwenda kula. Kule Afrika Kusini ndugu wa tumbo moja waliwahi kutoka ofisini na rangi mbili. Kwetu safu hiyo ilikuwapo pia. Kabla ya mapinduzi Unguja ilikuwa na Mwarabu, Mshirazi, Muhindi, Mngazija, Mwafrika, na watu walihama kutoka safu hii kwenda ile kadiri mgao wa mchele au siasa ilivyotaka. Januari 1964 safu hiyohiyo iliwaua watu.

Sasa niwarejee wale walioshushwa Durban kuanzia mwaka 1873. Wengi wao walikuwa Wamakua kutoka kaskazini ya Msumbiji, waliokamatwa katika majahazi wakipelekwa kuuzwa. Kwa kuwa manowari ziliwaleta kutoka upande wa Unguja, Durban iliwaita Wazanzibari, ingawa wengi hawakupata kuishi Unguja. Walikaa Bluff, mahali paitwapo King's Rest, wakajenga msikiti wao, wakashika dini na maulidi. Ilipokuja sheria ya rangi, serikali ilihangaika nao. Weusi, lakini Waislamu. Si Wazulu, si Wahindi. Mwisho wakaandikwa katika fungu la Waasia wengine, na katika miaka ya 1960 wakaondolewa Bluff na kupelekwa Chatsworth, mtaa wa Wahindi. Watu weusi kabisa wa Kimakua wakawa Waasia kwa kalamu, na fungu hilo likawaepusha na pasi.

Na sisi tuliorudi Oman baada ya mwaka 1970, Sultan Qaboos alipotuita, tuliitwa nani? Wazanzibari vilevile. Tulikuwa Waarabu Unguja na Wazanzibari Maskati. Tulicheka Kiswahili ofisini na kunyamaza wakubwa walipopita. Wazee wetu walikuwa na kitabu cha nasaba mpaka mababu kumi, na bado watoto wao waliulizwa kwa nini Kiarabu chao kizito. Ndiyo maana siwezi kumcheka Jantoni na wake zake.

Nakaa Durban sasa kwa mwanangu, ambaye ameoa huku. Mkewe ni wa Wentworth, mtaa waliohamishiwa watu wa Coloured, na Wentworth jina la Dunn utalisikia. Mjukuu wangu ana sura ambayo kila mtu huidai. Madukani Wahindi humsemesha kama wao, garini Wazulu humsemesha Kizulu naye huwajibu. Fomu za skuli bado zina vile visanduku vinne, eti kwa ajili ya kurekebisha dhuluma za zamani, na pengine ni kweli. Mwaka huu aliniuliza ajaze kipi. Mwanangu alisema ajaze cha mama yake, mkewe akasema ajaze cha baba, na ilibaki kidogo chai imwagike. Mimi nilimwambia kwanza aijue hadithi ya mzee mmoja wa Port Natal, kisha ajaze atakacho kwa kalamu ya risasi. Alitaka kujua mzee huyo aliwaambia nini wanawe kuhusu jambo hilo. Nilimjibu kwamba aliwapa jina lake, aliwapa ardhi, na alichelewa kuwapa skuli.

Kijana akanitaka tukaitazame ardhi hiyo. Si mbali, unafuata barabara ya kaskazini, unavuka Thukela karibu na pale waliposomewa masharti, na mkono wa bahari unaona miwa. Lakini nilimweleza kabla hatujaondoka kwamba Mangete si mahali pa utulivu. Utawala wa ubaguzi ulipokwisha, majirani walio chini ya chifu wa Macambini walidai kwamba ardhi ile ilikuwa yao kabla Mzungu hajapewa, na madai yakaenda serikalini na mahakamani. Baadhi ya wanaodai na wanaodaiwa wana mabibi wa ukoo mmoja. Wa Dunn husema mababu zao wamezikwa pale na hati wanayo tangu 1935. Wa Macambini husema mama wa mababu hao walitoka kwao.